Shangazi, gari nililoliota tangu utotoni naliendesha alfajiri kama mwizi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 9. Nachora ramani za majengo. Niliajiriwa kwa muda mrefu, kisha nikafungua ofisi yangu, na kazi imekwenda vizuri.

Miaka 2 iliyopita nilinunua gari la kifahari la spoti. Ni Porsche 911 ya mwaka 2009, ya kijivu, gia za mkono, injini ya lita 3.6. Lilikuwa limetumika, lakini hata likiwa limetumika bei yake si ya mchezo. Nililipa taslimu, fedha niliyokuwa naiweka kidogo kidogo kwa miaka 11. Sikukopa wala sikumdhulumu mtu. Ada ya mtoto imelipwa, mke wangu alishirikishwa tangu mwanzo, na ndiye aliyeniambia, "Linunue sasa, usingoje mpaka magoti yakatae."

Siku ya kwanza kulipeleka kazini, mlinzi wa getini alinyooka akanipigia saluti. Mlinzi huyo tulikuwa tunaitana kwa majina, ananiuliza habari za mwanangu. Tangu siku ile naitwa bosi. Mteja mmoja aliliona akacheka, akasema sasa amejua fedha zake zinakwenda wapi. Kwenye taa za barabarani vijana wanainua simu kupiga picha, wengine wanakanyaga mafuta kunichokoza tushindane. Na siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anavuka mbele yangu. Aliligeukia gari, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno, hakusonya, alinitazama tu. Jicho lile sijalisahau hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kujificha. Gari nimelifunika turubai. Naliendesha Jumapili tu, saa 11 alfajiri, nikihakikisha nimerudi kabla mtaa haujaamka, na hupita wiki 6 au 7 silitoi kabisa. Majirani nimewaambia ni la rafiki yangu aliyesafiri. Mwanangu nimemkataza kulitaja shuleni. Mwezi uliopita alilichora darasani, mwalimu akamsifu, akamuuliza kama ni gari la baba yake. Akajibu, "Si letu, ni la mtu." Mwalimu ndiye aliyemsimulia mke wangu, na mke wangu hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Nikueleze pia kwamba mapenzi haya ya magari niliyapata kwa kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, kaka aliacha shule akaingia gereji, na mshahara wake ndio ulionisomesha mpaka chuo. Nikiwa na miaka 10 ililetwa gereji 911 ya zamani. Kaka alinishika mkono akanipeleka nyuma ya gari, akanionyesha injini ilivyokaa nyuma kabisa, silinda 6 zimelala, tatu kila upande, zinapozwa kwa hewa. Akanisimulia kwamba lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 liliitwa 901, Peugeot wakapinga kwa kuwa namba zenye sifuri katikati walikuwa wanazitumia wao, ndipo likawa 911. Kisha akaliwasha, akaniambia, "Funga macho, sikiliza." Nafikiri maisha yangu yalipata mwelekeo pale. Kaka hajui kwamba nimelinunua. Nafasi haijapatikana, maana mwaka juzi aliniomba nimsaidie kununua mashine ya kuinulia magari pale gereji kwake, nikamwambia mambo yangu hayajakaa sawa, na tangu hapo tunazungumza kwenye simu tu, salamu na habari za watoto.

Shangazi, niliuze? Si mtu wa kujionyesha mimi. Nikiwa ndani ya gari lile, nikisikia injini inavyoimba nyuma ya mgongo wangu, nina furaha nisiyoweza kuieleza. Nikishuka naona haya. Watu wananihukumu, na sijui nifanye nini.

Wako,
Wa Alfajiri

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwa mistari miwili: fedha yako, jasho lako, waache waseme. Ningekuwa nimekudanganya. Kuna sentensi moja umeipitisha haraka karibu na mwisho, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai, na hiyo nitaifikia. Tuanze na hao waliokujaa kichwani.

Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Thomas Gilovich na wenzake, walichapisha jaribio ambalo huwa nalikumbuka kila ninapopata barua kama yako. Walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa umri wake angeona haya kuonekana nayo, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake waliokwisha kukaa. Akitoka anaulizwa: unadhani wangapi wameitambua picha? Waliovishwa walikisia kama nusu ya watu waliokuwamo. Walioitambua kweli walikuwa kama robo. Yaani hata penye aibu ya wazi kabisa, macho tunayoyahisi mwilini ni mengi kuliko macho yaliyopo.

Utaniambia Porsche si fulana, na utakuwa umesema kweli. Gari lako lina sauti, lina umbo, watu wanaliona, na hao vijana wenye simu hukuwaota. Lakini kuliona gari ni jambo moja, na kukaa wanamfikiria mwenye gari ni jambo jingine. Kijana anayepiga picha kwenye taa anataka picha ya gari. Ukimuuliza kesho dereva alikuwa nani, kama ni mwanamume au mwanamke, huenda asijue. Wewe umeondoka pale na mzigo wa siku nzima, yeye ameondoka na picha.

Na yule mama. Nimemfikiria sana, kwa sababu ndiye aliyekuumiza kuliko wote na ndiye ambaye hakusema lolote. Mwanangu, mtu anayevuka barabara na mtoto mgongoni humtazama dereva machoni. Ndivyo tunavyofundishwa tangu wadogo: usivuke mpaka ujue dereva amekuona. Gari la chini, pana, lenye mngurumo, liko hatua chache kutoka kwa mwanawe. Angekosaje kutazama aliyeshika usukani? Siwezi kukuapia kwamba hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Wewe pia huwezi kuapa kwamba alikuhukumu. Umemwandikia hukumu kwa mkono wako mwenyewe, ukamtia mdomoni, kisha ukaitumikia miaka 2.

Saluti ya mlinzi ni suala jingine, na hapo nakubaliana nawe kwamba kuna kitu kimeharibika. Mwaka 1968 watafiti wawili, Anthony Doob na Alan Gross, walieleza jaribio walilolifanya California. Gari lilisimama kwenye taa, taa ikawaka kijani, nalo likakaa tu, wakapima dereva wa nyuma atachukua muda gani kupiga honi. Mara nyingine gari lililoziba njia lilikuwa la kifahari na linang'aa, mara nyingine kuukuu. Waliozibiwa na lile kuukuu walipiga honi upesi zaidi, na wengi zaidi. Kosa lilikuwa lilelile. Uvumilivu ule ulipewa bati na rangi, si dereva. Ndivyo ilivyo saluti yako, na nadhani ndiyo maana ilikukera: ulijua haikuja kwako. Ulipoteza mtu wa kukuuliza habari za mwanao, ukapewa mtu wa kukuita bosi.

Kuna utafiti mwingine unaokwenda hapohapo, wa Stephen Garcia, Kimberlee Weaver na Patricia Chen. Waligundua kwamba watu hudhani wakionekana na vitu vya kifahari watapata marafiki wapya kwa urahisi. Lakini wale wanaotafuta rafiki, wakiulizwa wao, huvutiwa zaidi na mwenye vitu vya kawaida. Kwa hiyo hujawa kichaa kuhisi kwamba gari limeweka umbali kati yako na watu. Limeuweka. Umbali huo hauondoki kwa kulifunika turubai, unaondoka kwa wewe kushuka na kuuvuka. Kesho ukifika getini, teremsha kioo, mwite mlinzi kwa jina lake, muulize habari za kwake, usikilize jibu lote. Fanya hivyo na keshokutwa. Jina lako litarudi, pengine si wiki ya kwanza.

Mteja wako mjibu kwa kazi. Kama bei yako ni ya haki, mwonyeshe hesabu yake bila kinyongo akiitaka, na gari usilitaje. Mwenye kulipa ana haki ya kujua amelipia nini. Hana haki ya kukuchagulia utumie nini.

Sasa nikueleze hukumu ambayo majirani wanaweza kuitoa na ikawa ya haki. Injini ikiwashwa ikiwa ya baridi huzunguka kwa kasi zaidi kwa muda mfupi, ili ipate joto upesi yenyewe na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Ndiyo maana dakika ile ya kwanza ndiyo yenye kelele kuliko zote. Wewe unaiwasha saa 11 alfajiri, siku ya mapumziko, watu wamelala, watoto wachanga wamelala. Umekimbia macho yao ukawapigia kelele masikioni. Kama wananung'unika, wana sababu, na dawa yake ni rahisi: endesha saa 4 asubuhi.

Gari lenyewe pia linaumia. Kaka yako angekuambia hili vizuri kuliko mimi. Gari la kukaa wiki 7 chini ya turubai hufa betri. Matairi hubonyea pale yalipokalia. Diski za breki hushika kutu, petroli huchakaa ndani ya tangi. Fedha ya miaka 11 unaiacha iozee kwenye maegesho kwa hofu ya jicho la mtu.

Haya, mwanao.

Hapa sitakupoza. Mengine yote uliyoyaandika ni mateso yako mwenyewe, hili umemtwika mtoto. Umemfundisha kwamba kitu anachokipenda baba yake kuliko vyote ni cha kufichwa, na kwamba mwalimu anapouliza swali jema, jibu salama ni uongo. Amelichora kwa mkono wake, kwa mapenzi, kisha akalikana. Mkeo amenyamaza kwa hilo, wala si kwa gari, na mimi ningenyamaza vilevile.

Kaa naye leo, kabla hujamaliza kufikiria hayo mengine. Sema kwa maneno ya kawaida: "Gari ni letu. Nilikufanya useme uongo kwa sababu niliogopa watu. Nilikosea, na halikuwa jukumu lako." Usimgeuze tena mtangazaji. Mwambie asipoulizwa hana haja ya kulitaja, akiulizwa aseme kweli. Watoto wa miaka 9 wanaielewa tofauti hiyo kuliko tunavyodhani. Halafu nenda kwa jirani wa karibu zaidi umwambie yule rafiki aliyesafiri hayupo. Itakuwa dakika mbaya. Itaisha.

Nimefika kwenye sentensi yako.

Umeandika kwamba gari ulilinunua miaka 2 iliyopita. Umeandika kwamba mwaka juzi kaka yako alikuomba msaada wa mashine ya kuinulia magari, ukamjibu mambo hayajakaa sawa. Nimehesabu, mwanangu. Wewe pia ulishahesabu, ndiyo maana hukuziweka sentensi hizo mbili karibu karibu.

Mtu aliyeacha shule ili wewe usome, aliyekushika mkono ukiwa na miaka 10 akakuonyesha silinda 6 zilivyolala, aliomba kitu kimoja cha kumpunguzia kulala chali chini ya magari, umri umeshakwenda. Fedha ulikuwa nayo. Ulikuwa umeshaipangia kitu ambacho yeye ndiye aliyekufundisha kukitamani. Sisemi ilikuwa lazima umpe. Fedha ya miaka 11 ya kujinyima ina haki yake, na mtu anaruhusiwa kusema, "Kaka, fedha ninayo, lakini nina jambo nimelisubiri tangu utoto, nivumilie nitakusaidia mwakani." Angeudhika, angeelewa, au vyote viwili. Hukumpa nafasi hiyo. Ulimwambia huna.

Kwa maoni yangu, mlinzi, mteja, vijana na yule mama wote wanakutazama kwa macho ya mtu mmoja. Kila anayeligeukia gari lako unamwona kaka yako anajua. Ndiyo maana maneno ya "usijali watu watasema nini" hayajakusaidia na hayatakusaidia. Ni maneno mazuri kwa asiyemficha mtu kitu. Wewe unamficha, na unayemficha ndiye mtu pekee ambaye hukumu yake inakuhusu kweli.

Nenda kwake. Safari ya kwanza usiende na 911, nenda na usafiri mwingine wowote, maana ukiegesha lile mlangoni kwake gari litakuwa limesema kabla yako, na litakuwa limesema vibaya. Mkae wawili. Usianze na "nilikuwa nakaribia kukwambia". Anza na tarehe: lini uliomba, nini nilikujibu, fedha nilikuwa nimeifanyia nini. Kisha unyamaze umwachie.

Na usiende na bahasha. Hili nalisisitiza kwa sababu nakuona umeshaanza kupiga hesabu ya ile mashine ukidhani ndiyo itakayokutoa. Ukimwekea fedha mezani siku hiyohiyo utamlazimisha kushukuru wakati ana haki ya kukasirika. Akasirike kwanza. Pengine atacheka, pengine atanyanyuka akaingia ndani akakuacha sebuleni, na hilo la mwisho utalivumilia bila kumfuata na maelezo. Siku nyingine, mkishazungumza, ndipo umuulize kama mashine bado anaihitaji. Huenda alishaipata kwa njia zake, na hiyo nayo utaimeza. Kama anaihitaji, mnunulie, na usiiite zawadi.

Umeniuliza uliuze. Mwezi huu usiliuze. Ukiliuza leo utakuwa umelificha tu kwa njia nyingine, na mwanao atahitimisha kwamba kweli lilikuwa jambo la aibu. Lakini kaeni na mkeo mpige hesabu ya bima, matairi na matengenezo ya mwaka mzima, mwandike pembeni kile unachotaka kumfanyia kaka yako. Kama mfuko unabeba vyote, libaki, liendeshe mchana kweupe, polepole penye watu, na wanaokuchokoza kwenye taa waache waende. Kama haubebi vyote, liuze bila kulia. Kaka anatangulia. Hapo sina maneno ya kuzungusha.

Akishakubali kuliona, mpelekee. Mwanao akae kile kiti kidogo cha nyuma, karibu na injini. Ukifika, mpe kaka ufunguo aliwashe mwenyewe, na msimkimbize kwa maneno, maana hili lako linapozwa kwa maji, si la hewa kama lile la gereji, na sauti yake si ileile. Atataka kusikiliza tofauti.

Shangazi yako